Stesheni ya Zamani Isianguke: Mwongozo Kamili kwa Wakazi Wanaotaka Kuiokoa

Aliyenifumbua macho kwamba paa la stesheni yetu limekufa hakuwa mhandisi. Alikuwa mama muuza karanga, ambaye ameketi kwenye ukumbi ule wa kusubiria tangu treni ya abiria ilipokuwa ikipita usiku. "Mwanangu," alisema, "mwaka juzi nilikuwa nakaa pale kwenye nguzo ya pili. Masika haya nimehama mara tatu." Akanionyesha kwa kidole madoa matatu ya maji sakafuni. Ripoti ya ukaguzi tuliyoiandika baadaye ilikuwa na kurasa kumi na moja, na haikusema zaidi ya hapo.

Mwongozo huu ni wa watu kama yeye na mimi: wakazi wa mji mdogo wenye stesheni ya zamani inayooza mbele ya macho yao, wasio na mfadhili wala mjomba wizarani. Sheria na ofisi ninazozitaja ni za Tanzania, maana ndizo nilizohangaika nazo. Walio Kenya nimewawekea sehemu yao. Stesheni yetu siitaji jina kwa sababu mazungumzo na wenye jengo hayajaisha.

Nitangulize jambo moja, kwani vikundi vingi huanza na ndoo ya rangi. Utaratibu ni huu: kibali kwanza, paa pili, rangi mwisho kabisa.

Kwa nini haraka? Reli mpya ya kisasa, SGR, imebadilisha hesabu. Treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Julai mwaka huohuo zikafika Dodoma. Kenya walitangulia, Mombasa hadi Nairobi, mwaka 2017. Stesheni mpya nyingi zimejengwa mbali na zile za zamani. Ya zamani inabaki na treni ya mizigo, au na mbuzi.

Hatua ya 1: Jua jengo ni la nani, na sheria inalionaje

Wengi hudhani jengo la Mjerumani linalindwa na serikali kwa kuwa tu ni kuukuu. Nasi tulidhani hivyo, tukapoteza miezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza 1893. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Hakuna stesheni hata moja nchini inayofikia umri huo. Iliyo kongwe kuliko zote imepungukiwa miaka thelathini. Maana yake ni kwamba jengo lenu, hata liwe zuri namna gani, halina ulinzi wa sheria hiyo mpaka waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale alitangaze rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Hilo ndilo lengo la mwisho la karatasi zote zitakazofuata.

Umiliki nao una mikunjo yake. Shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lilianza 1948, na reli ya pamoja ikavunjika 1977 pamoja na Jumuiya. Ikaja TRC (Shirika la Reli Tanzania) ya kwanza, baadaye mali zikakaa kampuni ya RAHCO na uendeshaji ukaenda kampuni ya TRL, kisha sheria ya reli ya 2017 ikavirudisha vyote chini ya TRC ya sasa. Kwa hiyo usishangae ukikuta hati, mchoro au kibao chenye jina la shirika lisilokuwepo tena. Piga picha kila kibao, hata kile cha choo. Ikiwa mko kwenye njia ya kwenda Zambia, mwenyewe ni TAZARA, na msiseme stesheni zake si za kihistoria: zilijengwa kati ya 1970 na 1975, yaani zimefikisha nusu karne.

Uliza pia mpaka wa hifadhi ya reli unapita wapi. Kama kuna alama ya X ukutani, mnatakiwa kujua ni nani aliyeiweka na kwa sababu gani kabla hamjaitisha mkutano wowote.

Hatua ya 2: Undeni kikundi, lakini kidogo

Njia nyepesi ni kikundi cha kijamii kinachosajiliwa halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mnahitaji katiba fupi, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. NGO chini ya sheria ya 2002 ina masharti na ripoti nyingi kuliko nguvu za watu kumi na wawili. Bodi ya wadhamini inayosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) ifikirieni baadaye, siku mtakapotakiwa kusaini mkataba wa pango wa miaka mingi.

Nani awemo? Mstaafu wa reli, bila mjadala. Fundi mwashi aliyewahi kushika chokaa, si saruji peke yake. Mwalimu wa historia. Kijana mmoja mwenye simu nzuri na subira. Mtu anayefanya biashara palepale stesheni, maana yeye huona kila siku mambo ambayo ninyi mtayaona Jumamosi tu. Diwani mwombeni awe mlezi, asiwe mwenyekiti. Uchaguzi ukija, kikundi chenye mwenyekiti mwanasiasa hugeuka kuwa tawi la chama, na upande wa pili utaichukia stesheni bila kosa lake.

Hatua ya 3: Barua inayoomba kidogo

Barua yetu ya kwanza iliomba tukabidhiwe jengo zima tulifanye makumbusho. Haikujibiwa. Ya pili ilipotea kati ya dawati na dawati. Ya tatu iliomba mambo madogo matatu, na ikajibiwa. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Sisi wakazi wa mtaa huu tunaomba kibali cha miezi mitatu cha kufanya mambo yafuatayo tu: kupima na kupiga picha jengo la stesheni, kusafisha michirizi ya paa, na kuondoa miti iliyoota ukutani. Hatutabadilisha, kuhamisha wala kupaka rangi kitu chochote. Kazi itafanyika mbele ya msimamizi mtakayemteua. Gharama ni zetu."

Afisa anayesoma barua hujiuliza swali moja: nikisaini hii, itaniletea matatizo? Mwandikie barua ambayo jibu lake ni hapana. Ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, wapige mihuri, kisha iende kwa msimamizi wa reli wa eneo lenu. Nakala zipelekwe kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ofisi ya mkuu wa wilaya na idara ya mambo ya kale. Ipelekeni kwa mkono mkiwa na nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri ni mali. Iwekeni kwenye faili, faili likae kwa katibu, na kila mmoja awe na picha yake kwenye simu.

Kabla ya kibali kutoka, msipige picha za ndani, msipande paa, msitembee juu ya reli. Stesheni inayofanya kazi ni mahali pa kazi na pa usalama. Hata njia inayoonekana imelala inaweza kupitisha kiberenge cha mafundi bila taarifa.

Hatua ya 4: Kusanyeni kumbukumbu kabla ya kokoto

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, nayo haihitaji kibali cha kupanda paa. Wanaojua jengo ni wazee, na wazee hawasubiri bajeti.

Tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mshika pointi, yaani mgeuza reli ili treni ishike njia yake. Tukamsalimia, "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu, karibuni." Tukamwomba atueleze historia ya stesheni. Akasema, "Ilijengwa na Wajerumani," akanyamaza. Dakika kumi zikapita kwa chai na hali ya hewa. Ndipo kijana wetu akamwonyesha picha ya kile kipande cha reli kinachoning'inia mbele ya ofisi. Mzee akanyoosha mkono kama anayeshika nyundo, akagonga meza mara mbili, akangoja, akagonga tatu. "Hiyo treni imeshatoka stesheni ya chini. Hapo mama ntilie anaweka moto." Tangu hapo hakunyamaza kwa saa mbili: alieleza fimbo za tokeni ambazo dereva hawezi kuondoka bila kuzishika, taa za mafuta ya taa zilizopangwa darini kwa namba, na usiku alioandika jina la mkewe nyuma ya mlango wa chumba cha taa. Tulikwenda kuangalia. Lipo.

Somo tulilolipata ni kwamba mtu humwulizi historia. Unamwuliza mikono yake ilifanya nini. Ulianza zamu saa ngapi? Ufunguo ulining'inia wapi? Abiria wa daraja la tatu walipita mlango gani? Wanawake waulizeni chakula. Kila msafiri wa Reli ya Kati anaikumbuka Saranda kwa mlo kabla ya kukumbuka jengo lake, na hiyo nayo ni historia ya stesheni. Rekodini kwa idhini, andikeni jina na tarehe mwanzoni mwa kila faili la sauti, na wekeni nakala mahali pawili. Simu ya mwenzetu mmoja ilitumbukia kisimani na mahojiano manne.

Kwa upande wa maandishi, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya enzi za Wajerumani na Waingereza. Picha za zamani nyingi zimo kwenye maktaba ya picha za makoloni ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na zinatazamwa bure mtandaoni. Ujanja uko kwenye tahajia: tafuta Muhesa badala ya Muheza, Kilossa badala ya Kilosa, Mpapua badala ya Mpwapwa. Reli ya Tanga tafuta kwa jina la Usambarabahn, na Reli ya Kati kwa Mittellandbahn au Tanganjikabahn. Tulipata picha ya stesheni yetu ikiwa na veranda upande wa kaskazini ambayo hakuna mzee hai aliyewahi kuiona.

Soma pia chuma chenyewe. Ubavuni mwa reli za zamani mna jina la kiwanda na mwaka, vimechomoza kwenye chuma. Pangusa kutu kwa kitambaa, pitisha tochi kwa ubavu, utasoma. Mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, nayo mara nyingi yana chapa.

Hapa nitoe onyo. Msichukue kitu. Si tiketi za kadibodi zilizozagaa darini, si taa, si boliti moja. Wizi wa vyuma vya reli umewapeleka watu mahakamani kwa kuhujumu miundombinu, na askari akikukuta na taruma kwenye mkokoteni hatasubiri umweleze habari za urithi. Kila kifaa kiandikwe kwenye daftari: ni nini, kiko chumba gani, kina ukubwa gani, kimepigwa picha lini. Daftari lisainiwe na msimamizi wa stesheni, kisha vitu vikae palepale vilipo.

Halafu kuna kumbukumbu isiyopendeza. Reli hizi zilijengwa kwa jasho la watu waliobanwa na kodi, wakaacha mashamba yao kwenda kupiga tuta la mkoloni. Majina ya wahandisi wa Kijerumani utayapata. Ya waliobeba mawe hutayapata. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilisafirishwa vipande vipande ndani ya makasha kama 5,000 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ikashushwa ziwani Februari 1915. Kila mtu anasimulia meli, na mara chache utasikia habari za migongo iliyobeba yale makasha. Mkija kuandika kibao cha historia, anzeni na hao.

Hatua ya 5: Ukaguzi wakati mvua inanyesha

Jengo kavu linadanganya. Nendeni siku ya mvua kubwa, mkiwa na chaki. Kila panapodondoka wekeni alama sakafuni na mwandike saa. Kesho yake pandeni darini na tochi kutafuta chanzo, maana maji hutembea kwenye boriti kabla ya kudondoka. Tundu huwa mita mbili au tatu kutoka kwenye doa.

Anzieni juu, mshuke. Vigae vya Mangalore, vile vya udongo wa kuchoma: vingapi vimepasuka, vingapi vimeteleza? Mabati: misumari imelegea wapi? Kama kuna mapaa ya asbesto, msiyakate wala kuyatoboa, vumbi lake linaua mapafu. Yaandikeni tu na kuwaachia wataalamu. Kisha michirizi, kuta, milango, sakafu, na msingi. Mchwa tafuta vinjia vyao vya udongo ukutani na gonga fremu za milango kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia, iliyoliwa hunyamaza.

Miti inayoota ukutani, hasa jamii ya mikuyu, isivutwe kwa mikono. Mizizi yake imeshika mawe, ukiivuta unang'oa ukuta. Ikate karibu na jiwe, kisiki kipakwe dawa ya kuua miti, uache kife chenyewe.

Paa la dharura si lazima liwe zuri. Sisi tulirudisha vigae vilivyoteleza, tukaziba palipobaki kwa turubai lililofungwa vizuri, tukazibua michirizi iliyojaa viota. Kazi ya Jumamosi mbili, chini ya fundi mmoja aliyelipwa. Masika yaliyofuata, madoa matatu yakawa moja.

Hatua ya 6: Ukuta wa chokaa unataka chokaa

Hili limetugharimu, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu. Mfadhili mmoja wa hapa mjini alituletea mifuko kumi ya saruji. Ni nani anayekataa saruji? Tukapiga lipu ukuta wote unaotazama jukwaa la abiria, ukang'aa, tukapiga picha. Baada ya masika mawili ile lipu ilianza kutoa sauti ya utupu ukiigonga, kisha ikaanguka kwa vipande vikubwa kama ukoko wa wali, ikiwa imebandua na uso wa mawe ya zamani.

Sababu yake ni nyepesi. Kuta nene za zamani zimejengwa kwa mawe au matofali na udongo wa chokaa. Unyevu huingia kutoka chini, kisha hutoka nje kwa kupumua kupitia chokaa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji hunaswa nyuma yake, chumvi hukusanyika, na kinachovunjika ni kile kilicho dhaifu, yaani jiwe lenu la zaidi ya miaka mia. Mafundi wengi watawaambia saruji ni imara zaidi. Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe.

Namna ya kufanya: chokaa hai izimwe kwenye maji ndani ya shimo au pipa la chuma, ikae wiki kadhaa, ikiwezekana miezi mitatu, ikiwa imefunikwa na maji juu. Kumbuka unatia chokaa kwenye maji kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa inalipuka na kuchoma macho. Miwani na glavu si mapambo. Uji huo mzito uchanganywe na mchanga safi wenye chenga, chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Lowesheni ukuta kwanza. Pigeni tabaka nyembamba, lipu ya kwanza ikishika ndipo ya pili. Kisha kazi ambayo kila mtu huikimbia: kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kuyalowesha tena asubuhi na jioni kwa siku saba au zaidi, ili isikauke kwa pupa ikapasuka. Tuligawana zamu na wanafunzi wa shule ya jirani, na ukuta huo mpaka leo haujadondosha hata kipande.

Jaribuni kwanza kwenye kipande cha mita moja mahali pasipoonekana. Rangi iwe ya chokaa pia, si ya mafuta. Rangi kuukuu ya milango inaweza kuwa na risasi, hivyo sugueni ikiwa imeloweshwa, watoto wakae mbali. Milango na madirisha rekebisheni palipooza tu, kwa kuunga mbao; mlango mpya wa aluminiamu ni njia ya haraka ya kulifanya jengo liwe duka la simu.

Hatua ya 7: Jengo lipewe kazi

Jengo tupu hufa mara ya pili. Mfano mzuri uko Amani, milima ya Usambara Mashariki. Kule Sigi kulikuwa na mwisho wa reli nyembamba ya sentimita 75 iliyotoka Tengeni kubeba mbao. Reli iling'olewa zamani, lakini nyumba ya stesheni masta ilikarabatiwa ikawa kituo cha taarifa cha hifadhi ya msitu wa Amani, na wageni huanzia hapo. Mjini Tanga, boma la zamani limekuwa makumbusho ya Urithi.

Lakini msikimbilie kuvunja kuta ili mpate mgahawa. Reli ya Tanga ilikaa miaka mingi bila treni, watu wakaizika. Mwaka 2019 mizigo ikarudi, Desemba mwaka huo abiria wakapanda hadi Moshi, na 2020 treni ikafika Arusha. Kila mnachoongeza kiwe kinaondoleka: kabati badala ya ukuta, meza badala ya kaunta ya zege. Dirisha la tiketi libaki dirisha la tiketi. Na wauzaji waliokuwepo wapewe nafasi ya kwanza. Kikundi cha kinamama cha mgahawa kinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Huo si mkopo wa kukarabati jengo, ni wa sufuria na majiko yao.

Hatua ya 8: Fedha

Mwombeni mhandisi wa halmashauri au fundi anayeaminika awaandikie makadirio yaliyogawanywa kwa vipande: paa la chumba cha tiketi peke yake, milango ya ukumbi peke yake. Mtu hatoi fedha kwa "stesheni". Hutoa kwa vigae hamsini. Akaunti iwe na watia saini watatu. Michango ya simu iingie kwenye namba ya kikundi, si ya mweka hazina. Kila Ijumaa bandikeni karatasi mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tuliyeanza kumshuku sisi wenyewe alikuwa mwaminifu kuliko wote, ila hatukuwa na karatasi ya kumtetea.

Hatua ya 9: Ombi la kutangazwa rasmi

Sasa mna picha, vipimo, simulizi, daftari la vifaa na ukuta mmoja uliosimama. Ombi kwa idara ya mambo ya kale liwe na ramani ya mipaka, historia ya kurasa mbili au tatu, hali ya jengo, matumizi yaliyopendekezwa, na barua ya mwenye jengo asiyepinga. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo sababu mlianza na barua ya unyenyekevu. Msilegee; ulizeni kila mwezi, kwa adabu, mkitaja kumbukumbu namba.

Kenya mambo yana njia yake. Mwenye stesheni ni Shirika la Reli la Kenya, na sheria ni ile ya makumbusho ya taifa na urithi ya 2006, ambayo nayo huhitaji tangazo la waziri kwenye Gazeti. Kikundi kinaweza kusajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022. Mkinyimwa taarifa kuhusu mipango ya ardhi ya stesheni, tumieni sheria ya kupata habari ya 2016: ofisi ina siku 21 za kujibu. Na nendeni makumbusho ya reli Nairobi, yaliyoanza 1971. Behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka 1900 bado liko pale. Angalieni walivyoandika maelezo ya vifaa vidogo kuliko mnavyoangalia behewa.

Kama amri ya kubomoa imeshatoka

Ruka hatua nyingine zote. Siku hiyohiyo ombeni nakala ya amri kwa maandishi, pelekeni pingamizi kwa mwenye jengo na mkuu wa wilaya, nakala idara ya mambo ya kale, na tafuteni wakili. Pigeni picha kila kona ikiwa na tarehe.

Pingamizi liwe la watu wanaotumia stesheni, si la wapenda historia. Uingereza, British Rail ilipotaka kufunga njia ya Settle hadi Carlisle miaka ya 1980, waliopinga rasmi walizidi 22,000. Mmoja wao alikuwa mbwa, Ruswarp, ambaye alama ya mguu wake ilikubaliwa kwa kuwa alikuwa abiria aliyekatiwa tiketi. Njia ile iliokolewa mwaka 1989. Kwa hiyo tunzeni tiketi, andikeni nani anapitisha mzigo hapo, nani anauza, mtoto gani anasubiri basi la shule chini ya paa lile.

Baada ya hapo

Michirizi husafishwa mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Februari kabla ya masika, na katikati ya Oktoba kabla vuli haijawa nzito. Mchwa huangaliwa siku hizohizo. Ngazi tunaifungia kwa mnyororo kwenye chumba cha taa, na ufunguo anao mama wa karanga, kwa kuwa ndiye anayejua wa kwanza panapodondoka.